Get, Ijumaa na sufuria: maswali ya wasomaji kuhusu talaka ya Kiyahudi

Barua za mwezi huu zimetoka New York, kwa akina mama Wayahudi wafanyakazi walio katikati ya talaka, na kwa yaya mmoja anayefanya kazi katika nyumba ya namna hiyo. Tumezipanga kwa uzito: linaloweza kumfunga mtu miaka kumi limetangulia linaloweza kuunguza sufuria. Majibu yote ya sheria ni ya Jimbo la New York. Anayeishi kwingine asiyachukue hivi hivi, kwani ukivuka mto tu kuingia New Jersey fomu ni nyingine na hesabu ya matunzo ni nyingine.

SWALI: Nilizaliwa Nairobi, tukisali katika sinagogi ile iliyo kona ya University Way na Uhuru Highway. Sasa ni mhasibu hapa Queens, nina watoto wawili. Ndoa yetu ilifungwa na rabi. Wakili anasema nifungue kesi mahakamani kwanza, get, talaka ya dini, itafuata baadaye. Shangazi yangu anasema kinyume. Nianze na lipi? (Mama wa wawili, Queens)

JIBU: Dada, fungua milango yote miwili mwezi huo huo, na get uikamilishe mapema uwezavyo. Hapa tuko upande wa shangazi.

Kwa wasomaji wasiojua: amri ya mahakama ya serikali humaliza ndoa kwa upande wa sheria tu. Kwa Wayahudi Waorthodoksi na wale wa mkondo wa Conservative, mwanamke hubaki mke wa mtu mpaka apokee get, yaani hati ya talaka ya kidini, hata kama mahakama ilishamaliza kazi miaka mingi iliyopita. Akizaa na mwanamume mwingine kabla ya hapo, mtoto huyo huhesabiwa mamzer, na sheria ya dini inamzuia kuoa au kuolewa na Wayahudi walio wengi. Mwanamume aliye katika hali hiyo hiyo hapatwi na adhabu ya namna hiyo kwa watoto wake, ndiyo maana ucheleweshaji humuumiza mke zaidi. Mkondo wa Reform wa Marekani hutosheka na talaka ya serikali, lakini usitegemee hilo ikiwa mtoto wako siku moja atataka kuoa katika familia ya Kiorthodoksi.

Waislamu wataona kitu wanachokijua na kitu kigeni. Mahakama ya marabi, beit din, haivunji ndoa kwa hukumu kama kadhi anavyoweza kufanya. Kazi yake ni kusimamia. Mume ndiye anayetoa kwa hiari yake, na mke anapokea kwa hiari yake. Sharti la hiari ya mke huhusishwa na Rabi Gershom wa Mainz, takriban mwaka 1000.

Siku yenyewe huchukua saa moja na nusu mpaka mbili. Mwandishi wa hati takatifu huandika kwa mkono, kwa ajili yenu ninyi wawili tu, mistari 12, sehemu kubwa ikiwa Kiaramu. Hairuhusiwi fomu iliyochapwa ikajazwa majina. Mume humwagiza mwandishi aandike na mashahidi watie saini. Mashahidi ni wawili, wasio na undugu wao kwa wao wala na ninyi. Mke huunganisha viganja, hati hudondoshwa humo, anaifunga mikono na kutembea hatua chache nayo. Kisha marabi huichukua, huikata na kuiweka katika kumbukumbu zao. Unachoondoka nacho ni cheti cha kuthibitisha kwamba umeachwa. Piga nakala mbili za cheti hicho siku hiyo hiyo, moja iwe mahali pasipo nyumbani. Ada kwa kawaida ni mamia ya dola; ulizia punguzo mapema kama kipato ni kidogo.

Kinachoharibu mambo mara nyingi ni majina. Jina likikosewa, uhalali wa hati yote unaweza kuhojiwa. Kwa hiyo siku ya mahojiano nenda na jina lako la Kiebrania, la baba yako, la mume na la baba yake, pamoja na kila jina mnaloitwa: la utani la nyumbani Nairobi, lililofupishwa kazini, hata lile ulilobadilisha ulipopata uraia. Kama mna ketuba, mkataba wenu wa ndoa, ipeleke. Usione aibu kwamba jina ni la kitoto. Anayepaswa kuamua lipi liandikwe ni rabi.

Baada ya get unasubiri siku 92 kabla ya kuolewa tena: 90 kamili, bila kuhesabu siku ya hati wala siku ya harusi. Pia tangu hapo huwezi kuolewa na mwanamume wa ukoo wa kuhani, kohen. Wengi hulijua hili wakiwa tayari wamependana.

Sasa mahakama. Tangu 2010 New York haidai kosa la mtu. Inatosha kuapa kwamba ndoa imevunjika kwa miezi sita au zaidi bila matumaini. Nambari ya kesi ni dola 210, na kesi isiyopingwa hufikia angalau dola 335 za ada za mahakama kwa jumla. Asiyeweza huomba kusamehewa. Ukishafungua una siku 120 za kumfikishia mwenzako nyaraka, na si wewe wa kumkabidhi mkononi: hutumwa mtu mzima asiyehusika na kesi. Katika pakiti ya fomu utakuta UD-4, hati ya kiapo kwamba umeondoa vizuizi vya kidini vya mwenzako kuoa tena. Hiyo inatokana na sheria ya 1983, na hapa ndipo pana mtego ambao mawakili wasiozoea kesi za Kiyahudi huupita bila kuuona: kiapo hicho humbana mdai tu. Wewe ukifungua kesi na mume akanyamaza kama mdaiwa, umeapa wewe, yeye hajaapa chochote. Mwambie wakili wako aandike katika makubaliano kwamba pande zote mbili zitafika beit din mnayoitaja kwa jina, kabla ya tarehe mnayoitaja, na kabla ya hati za mwisho kupelekwa kwa hakimu.

SWALI: Mume wangu amehamia Nairobi kikazi. Anasema atatoa get nikikubali kupunguza matunzo ya watoto na kumwachia nyumba. Nimechoka, nakaribia kusaini. (Mama, Brooklyn)

JIBU: Usisaini. Tunatenganisha mambo mawili, umbali na masharti.

Umbali ni jambo dogo. Hamhitaji kukutana. Mume hufika mbele ya beit din iliyo karibu naye (akiwa Nairobi safari yake itakuwa ya Johannesburg, London au Israel), get huandikwa huko, naye humteua mjumbe wa kuifikisha. Mjumbe huyo anaweza kumteua mwingine aliye New York, na hati husafirishwa kwa huduma ya vifurushi. Wewe unaipokea mbele ya marabi wa huku. Ongeza wiki kadhaa kwa ajili ya kukubaliana majina kati ya mahakama hizo mbili. Ni afadhali beit din yako ndiyo ianze mawasiliano na ile nyingine, ili baadaye pasiwe na rabi wa kusema hati ya wale siitambui.

Masharti ndiyo ugonjwa. Kwanza, iombe beit din imwite mume kwa maandishi. Wito huo huitwa hazmana, na desturi ni kumwita mpaka mara tatu. Akikaidi, marabi wanaweza kutoa siruv, tangazo la ukaidi, na baada ya hapo sinagogi inaweza kumnyima heshima za ibada na watu wakajitenga naye. Kwa mtu anayeishi katika jumuiya ndogo kama ya Nairobi, ambako kila mtu anamjua kila mtu, karatasi hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana. Pili, liko shirika la ORA, lililoanzishwa New York mwaka 2002 mahsusi kwa wanawake waliofungwa namna hii. Wapigie kabla ya kujibu pendekezo lolote la mume.

Tatu, New York ina sheria nyingine ya 1992 inayomruhusu hakimu, anapogawa mali na kupanga matunzo ya mke, kuzingatia kwamba upande mmoja umeweka kizuizi cha kidini. Itumie kwa uangalifu. Marabi wengi huogopa hati iliyotolewa kwa kubanwa na pesa, kwa kuwa get ya kulazimishwa inaweza kuwa batili. Wakili wako na beit din wazungumze kabla hoja hiyo haijafikishwa kwa hakimu. Ukiipeleka kwa hasira, unaweza kushinda nyumba ukapoteza get.

Na matunzo ya watoto si mali yako ya kuuza. Makubaliano yanayoshuka chini ya kiwango cha sheria lazima yataje kiwango hicho ni kiasi gani na kwa nini mmekiacha. Bila maelezo hayo, yanaweza kutenguliwa.

SWALI: Amri ya muda inasema watoto wanabadilishana wazazi "Ijumaa saa kumi na mbili jioni". Kuanzia Novemba ni vurugu tupu. Tufanyeje? (Mama, Riverdale)

JIBU: Amri hiyo ilitolewa katika fomu ya watu wote, na hakuna aliyeangalia jua. New York katikati ya mwaka mishumaa ya kuingiza Sabato Ijumaa jioni huwashwa hadi saa mbili na dakika 13 usiku. Mwanzoni mwa Desemba jua huzama saa kumi na dakika 28 jioni, na mishumaa, kwa desturi ya dakika 18 kabla, ni saa kumi na dakika 10. Saa kumi na mbili ya Desemba ni Sabato kamili, na familia isiyoendesha gari Sabato haiwezi kupeleka wala kuchukua. Kila wiki mzazi mmoja atavunja dini au atavunja amri ya mahakama.

Ombeni ibadilishwe, na saa isitajwe kabisa. Maneno yanayofaa ni kama haya: "Watoto watakuwa kwa mzazi wa Sabato hiyo si chini ya dakika 90 kabla ya kuwasha mishumaa, kwa kalenda ya msimbo wa posta wa mzazi huyo. Watarejeshwa si mapema kuliko dakika 90 baada ya Sabato kuisha." Msimbo wa posta ni wa lazima, vinginevyo mtabishana kalenda ya nani. Taja pia ni kalenda ipi inayofunga Sabato, kwa sababu wengine huhesabu dakika 42 baada ya jua kuzama na wengine 72.

Hizo dakika 90 za Desemba zinakupeleka saa nane na dakika 40 mchana, wakati uko kazini. Kwa hiyo kipengele bora kuliko vyote ni makabidhiano ya shuleni. Anayekaa nao Sabato ndiye anayewachukua shule Ijumaa, na shule nyingi za Kiyahudi huwaachia watoto mapema Ijumaa za baridi. Begi la nguo za Sabato huingia garini Ijumaa asubuhi. Wazazi hawaonani mlangoni, na ugomvi wa mlangoni ndio watoto huusikia.

Juni ni kinyume chake. Sabato inaisha saa tatu na zaidi usiku, mtoto wa miaka mitano amelala. Andikeni kwamba Juni hadi Agosti wanarudi Jumapili saa tatu asubuhi.

Sikukuu zina mtego wake. Nje ya Israel, sikukuu kubwa huwa siku mbili mfululizo, na kwa Waorthodoksi gari haliendeshwi zote mbili. "Usiku wa kwanza kwa mama, wa pili kwa baba" husikika kwa haki, ila hufaa tu ikiwa nyumba zinafikika kwa miguu. Pasaka ya Kiyahudi gaweni katikati: siku mbili za kwanza kwa mmoja, kisha siku nne za kati ambazo kusafiri kunaruhusiwa na ndipo mnapokabidhiana, kisha siku mbili za mwisho kwa mwingine. Mwakani mgeuze. Sukkot, sikukuu ya vibanda, nayo inagawanyika vivyo hivyo, siku mbili za kwanza na mbili za mwisho. Rosh Hashana, mwaka mpya, isigawanywe, apewe mzazi mmoja yote, na mwingine apate Yom Kippur, siku ya toba. Na kwa Yom Kippur fikirieni nani atamlisha mtoto mdogo wakati mzazi yuko kwenye mfungo wa saa 25, tena amesimama sinagogi.

Ikitokea Sabato inafuatana na sikukuu ya siku mbili, ni siku tatu mfululizo bila gari wala simu. Siku hizo dawa za mtoto, miwani na nakala ya kadi ya bima viende pamoja naye.

SWALI: Bosi mpya hataki niondoke mapema Ijumaa. Je, nikimwambia niko kwenye talaka itasaidia? (Msomaji, Manhattan)

JIBU: Talaka usiitaje, haina uhusiano. Dini ndiyo yenye ulinzi, kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964, kwa waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Groff dhidi ya DeJoy, iliwapandishia waajiri kiwango: lazima waonyeshe kwamba kukuruhusu kunawaletea gharama kubwa kulingana na biashara yao. Usumbufu mdogo hautoshi tena.

Ombi liwe la maandishi na liwe na jedwali: Ijumaa zote kuanzia Novemba mpaka Februari, saa ya mishumaa, saa unayoomba kutoka, na jinsi utakavyofidia, kwa mfano dakika 45 za ziada Jumatatu hadi Alhamisi, ambazo ni saa tatu kamili. Meneja akiona saa zimerudi, mara nyingi hana la kubishia. Ambatanisha sikukuu za mwaka mzima. Siku zinazokatazwa kazi ni 13: Rosh Hashana 2, Yom Kippur 1, Sukkot 4 ukihesabu za mwisho, Pasaka 4, Shavuot (sikukuu ya majuma) 2. Mwaka ambao nyingi zinaangukia katikati ya wiki zitameza likizo yako, na mtoto akiugua huna akiba. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kukubali ratiba ya malezi.

SWALI: Nipigieni hesabu ya matunzo. Mimi napata dola 58,000, yeye 87,000, baada ya makato yanayoruhusiwa. Watoto wawili, shule ya Kiyahudi ya kulipia. (Fundi wa maabara, Bronx)

JIBU: New York hutumia asilimia ya kipato cha wote wawili: 17 kwa mtoto mmoja, 25 kwa wawili, 29 kwa watatu, 31 kwa wanne, na si chini ya 35 kwa watano au zaidi. Jumla yenu ni 145,000. Asilimia 25 ni 36,250. Mchango wake katika kipato ni asilimia 60, basi sehemu yake ni dola 21,750 kwa mwaka, yaani karibu 418 kwa wiki, ikiwa watoto wanalala zaidi kwako. Huendelea mpaka mtoto afike miaka 21.

Juu ya hapo, malezi ya mchana yanayokuwezesha kufanya kazi hugawanywa kwa uwiano ule ule. Yaya wa dola 1,500 kwa mwezi: yeye 900, wewe 600. Gharama za matibabu zisizolipwa na bima, hivyo hivyo. Tunza risiti. Anayelipa yaya mkononi bila karatasi hana cha kumwonyesha hakimu.

Ada ya shule ni habari nyingine. Shule ya kulipia haimo katika zile asilimia, na hakimu ana hiari ya kuiamuru au kuiacha. Iandikwe katika makubaliano: shule ipi, mpaka darasa gani, asilimia ngapi kila mmoja, nani anajaza fomu ya kuomba punguzo na kwa tarehe gani. Kamati za punguzo mara nyingi hutaka taarifa za kipato za wazazi wote wawili hata mkiwa mmeachana, na baba asiyejaza sehemu yake anaweza kuzuia ombi zima.

Mawili ya haraka. Ukiwa kwenye bima ya afya ya kazini kwake, mpango wake uarifiwe ndani ya siku 60 za talaka ili upate kuendelea nayo, hadi miezi 36, kwa gharama yako inayoweza kufika asilimia 102 ya bei kamili. Na sehemu yako ya akiba yake ya uzeeni katika mpango wa kazini hailipwi kwa talaka peke yake. Kwa kawaida huhitaji amri nyingine maalumu ya mahakama inayopelekwa kwa msimamizi wa mpango. Idai kabla ya kufunga faili.

SWALI: Natoka kazini Alhamisi saa moja usiku, Ijumaa sina nafasi. Sabato ya watu watano naipikaje? (Mama, Queens)

JIBU: Kazi yote iwe Alhamisi, Ijumaa ibaki na oveni tu.

Mkate wa challah, ule wa kusuka wa Sabato: unga wa ngano kilo 1, hamira ya papo hapo gramu 10, sukari gramu 100, chumvi gramu 16, mayai 2, mafuta mililita 120, maji ya vuguvugu mililita 400. Kanda dakika kumi, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Baridi huchelewesha kuumuka, ndiyo maana hamira ni kidogo. Ukiweka gramu 20 utakuta asubuhi unga umemwagika na unanuka pombe. Ijumaa alfajiri gawa minne, suka, acha kama saa moja na nusu kwa sababu unga bado ni baridi, paka yai, oka nyuzi 180 za Selsiasi kwa dakika 25 hadi 30. Miwili ya wiki hii, miwili ya friza. Kwa kilo moja hakuna haja ya kutenga kipande cha unga kama dini inavyoagiza. Kuanzia karibu kilo 1.2 hutengwa bila baraka, na kuanzia gramu 1,666, kwa hesabu inayofuatwa na wengi, hutengwa na baraka.

Cholent, chakula cha Sabato kinachopikwa polepole usiku kucha, katika sufuria ya umeme ya moto mdogo: nyama ya ng'ombe ya muundi gramu 500, maharage gramu 200, shayiri gramu 100, viazi 4, vitunguu 2, maji yafunike kila kitu kwa vidole viwili. Maharage yalowe saa 8. Yakiwa mekundu, yachemshwe kwa nguvu dakika 10 jikoni kwanza: yana sumu inayoleta kutapika, na moto wa sufuria hiyo ni mdogo mno kuiondoa. Wengi huruka hatua hii, kisha wanalaumu nyama. Viazi viwe chini ya maji, vikitokeza juu hugeuka vyeusi. Washa Ijumaa saa tano au sita mchana, kama kuna mtu nyumbani, ili chakula kiwe kimeiva angalau nusu kabla ya mishumaa. Baada ya hapo usikoroge wala kuongeza maji. Kikikauka Jumamosi hakuna la kufanya, basi kosa lako liwe upande wa maji mengi.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni yaya, natoka Mombasa, nafanya kazi kwa mama Myahudi anayeachana na mumewe. Watoto hurudi kutoka kwa baba na vyombo vya nyama na vya maziwa vimechanganyika, na dini yao haitaki vikutane. Juzi maziwa yalimwagikia kwenye sufuria ya nyama. Pia saa zangu zimekuwa hazieleweki. (Yaya, Brooklyn)

JIBU: Marahaba, binti. Sufuria kwanza. Zima moto, usiioshe kwa maji ya moto, iweke kando. Mwandikie mama mambo manne: ilikuwa ya moto au baridi, ndani mlikuwa na chakula kiasi gani, maziwa yalikuwa kiasi gani, na ilipikiwa nyama mara ya mwisho lini. Hayo ndiyo rabi atakayouliza. Maziwa yakiwa chini ya sehemu moja kwa sitini ya chakula, mara nyingi chakula kinaruhusiwa, na sufuria iliyokaa saa 24 bila kutumika hukumu yake ni nyepesi. Ya chuma husafishwa kidini kwa kuchemshwa, ya udongo haisafishiki.

Vyombo vya kwa baba: mshauri mama awanunulie watoto seti ya rangi moja isiyotoka nyumbani, na chakula kinachosafiri kiende katika vyombo vya kutupa. Ni nafuu kuliko kugombana kila Jumapili.

Mapishi: kwa vyakula vingi, Myahudi lazima ashiriki katika kupika. Kwa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, inatosha mama awashe moto au abonyeze swichi yeye mwenyewe. Wasefaradi, wenye asili ya Hispania, wengi wao hutaka aweke hata sufuria motoni. Muulize yeye ni wa desturi ipi, na aliwashe jiko kabla ya kutoka. Divai iliyofunguliwa usiimimine mpaka akuambie. Baada ya nyama, watoto hungoja kabla ya maziwa: wengine saa 6, wengine 3. Bandika idadi hiyo kwenye friji. Siku ya Sabato usiwashe taa kwa kuwaonea huruma, muulize mapema Alhamisi anataka nini kifanywe kwa saa ya kujizima.

Saa zako: tangu 2010 New York ina sheria ya wafanyakazi wa nyumbani. Ovataimu ya mara moja na nusu huanza baada ya saa 40 kwa wiki, au 44 ukilala hapo kazini, na una siku moja ya mapumziko katika saba. Ukiifanya siku hiyo kwa kupenda, ni kwa malipo ya ovataimu. Mwombe mama karatasi inayosema nani mwajiri wako sasa na saa zako za wiki ambazo watoto wako kwa baba. Baba akitaka uwahudumie kwake, hiyo ni ajira nyingine, na asikuambie mama atalipa.

MAFUPI

*Nikiachwa, naacha kufunika nywele?* Wengi wa marabi wa Kiorthodoksi husema uendelee. Wapo walioruhusu kwa sababu ya kazi. Hili ni la wewe na rabi wako, bosi wala aliyekuwa mumeo hawamo.

*Nikiolewa tena nijilinde vipi?* Tia saini mkataba wa kabla ya ndoa wa mahakama ya marabi iitwayo Beth Din of America, uliopo tangu miaka ya 1990. Mume anayekataa kutoa get hudaiwa matunzo ya kila siku, kiasi cha msingi dola 150, na mkataba hutekelezeka mahakamani. Usainiwe mbele ya mthibitishaji siku kadhaa kabla ya harusi. Siku ya harusi kila mtu ana haraka na karatasi hupotea.

*Nataka kuwapeleka watoto Nairobi kwa bibi yao Agosti.* Pasipoti ya Marekani ya mtoto chini ya miaka 16 huhitaji wazazi wote wawili. Asiyeweza kufika hujaza fomu DS-3053 mbele ya mthibitishaji, na ridhaa hiyo hudumu siku 90 tu, basi usiichukue Januari. Beba pia barua ya ruhusa ya kusafiri yenye tarehe za kwenda na kurudi, nambari za ndege na anwani ya bibi, na nakala ya amri ya malezi. Hakikisha tarehe ya kurudi haiangukii Sabato ya baba.